Sare za shule: Usawa ambao mzazi maskini hulazimika kuununua

KILA ifikapo Januari, kabla ya kengele ya muhula wa kwanza kulia, maduka ya kuuza sare za shule hufurika wateja, kuanzia Barabara ya Biashara jijini Nairobi hadi kwenye vibanda vya mafundi wa cherehani katika masoko ya vijijini. Mzazi huwa ameikunja mkononi orodha aliyopewa na shule: mashati mawili, sketi mbili au suruali mbili, sweta yenye nembo, tai, soksi jozi mbili, viatu vyeusi vya ngozi na nguo za michezo. Katika foleni hizo ni nadra kumsikia mtu akiuliza iwapo ni haki mwanafunzi kushurutishwa kuvaa sare. Linaloulizwa ni bei.

Pengine ndiyo sababu mjadala kuhusu sare humu nchini hauishi wala haufiki mbali. Wanaoitetea husema kuwa inawafanya mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wafanane. Wanaoipinga hudai kuwa inamnyima kijana uhuru wa kujieleza na kumfanya kila mmoja kuwa nakala ya mwenzake. Pande zote mbili hupita kando ya jambo ambalo mzazi aliye kwenye foleni analijua fika: kwamba usawa huo unauzwa dukani, na mtoto ambaye wazazi wake hawawezi kuununua ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Msimamo wa makala haya ni kwamba sare ina manufaa yake na haifai kuondolewa. Lakini maadamu ni ya lazima, ni lazima pia tuulize ulazima huo unamwangukia nani.

Tuanzie mbali kidogo. Shule ambayo hutajwa sana katika historia ya sare ni Christ's Hospital, iliyoanzishwa jijini London mwaka wa 1552 chini ya Mfalme Edward VI ili kuwatunza mayatima na watoto wa maskini. Watoto hao walivishwa joho refu la buluu na soksi za manjano. Yeyote aliyewaona barabarani alitambua mara moja kwamba ni watoto wanaolelewa kwa sadaka. Hivyo basi, sare ilianza kama vazi la mkata. Ni baadaye ambapo shule za mabwanyenye wa Uingereza ziliiga desturi hiyo na kuigeuza kuwa alama ya ufahari. Christ's Hospital ingalipo hadi leo, na wanafunzi wake wangali wanavaa joho lilo hilo. Jambo ambalo msomaji anafaa kulitia akilini ni kwamba shule ndiyo inayowapa joho hilo, bila malipo.

Wamishonari na serikali ya kikoloni walituletea shule pamoja na desturi hii ya sare. Baada ya uhuru hatukuitupilia mbali. Tulijenga shule zaidi, tukachagua rangi zaidi, na mzigo wa kununua ukabaki kwa mzazi.

Hata hivyo, si haba heshima ambayo vazi hili limejizolea machoni pa Wakenya. Mnamo Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Rais Mwai Kibaki kuanzisha elimu ya msingi bila malipo, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Picha zake zilizoenea kote duniani zinamwonyesha akiwa amevaa kaptura, soksi ndefu na sweta, ameketi miongoni mwa watoto ambao wangeweza kuwa vitukuu vyake. Bila kaptura ile, mzee Maruge angeonekana kama mgeni aliyelitembelea darasa. Akiwa nayo, alikuwa mwanafunzi.

Hiyo ndiyo nguvu ya sare, na walimu wanaielewa vyema. Mtoto aliyevaa sare akionekana akizurura sokoni saa nne asubuhi, kila mtu mzima anajua kwamba alipaswa kuwa kwingine, na anaijua hata shule anakotoka. Dereva humtambua anapovuka barabara. Katika baadhi ya ruti za matatu, sare humpa mwanafunzi nauli nafuu, ingawa, tuseme ukweli, wapo makondakta ambao humwacha kituoni kwa sababu iyo hiyo.

Hoja ya nidhamu, ambayo husemwa kwa sauti kubwa zaidi, ndiyo dhaifu kuliko zote. Nchini Marekani, wilaya ya shule ya Long Beach katika jimbo la California ililazimisha sare katika shule zake za madarasa ya chini mwaka wa 1994, na kufikia 1996 Rais Bill Clinton alikuwa akiisifu hatua hiyo mbele ya Bunge. Miaka miwili baadaye, watafiti David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore walipochunguza takwimu za wanafunzi wa nchi hiyo, hawakuona athari ya moja kwa moja ya sare kwa mahudhurio, tabia wala matumizi ya dawa za kulevya. Hapa kwetu hatuhitaji hata takwimu hizo. Mwaka wa 2016, zaidi ya shule 100 zilikumbwa na visa vya moto, mabweni mengi yakateketezwa na wanafunzi wenyewe. Shule hizo zilikuwa na sare kamili, tai na nembo.

Inabaki hoja ya usawa. Hii ndiyo nzito, na ndiyo inayostahili kupimwa kwa makini.

Inadhaniwa kwamba bila sare mzazi wa kipato cha chini angelazimika kutumia fedha nyingi ili mtoto wake asichekwe. Katika nchi ambako nguo hununuliwa zikiwa mpya madukani, hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi. Lakini Kenya ni nchi ya mitumba. Katika soko la Gikomba jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa au Kibuye mjini Kisumu, mama anaweza kupekua rundo la nguo, akapata suruali imara na fulana nzuri, na bado akatumia fedha kidogo kuliko bei ya sweta moja ya shule. Sare haipatikani katika marobota hayo. Hakuna meli inayotia nanga Kilindini ikiwa imebeba sweta za kijani kibichi zenye nembo ya shule ya msingi ya kijijini mwake. Lazima inunuliwe mpya, kwa rangi iliyotajwa, na mara nyingi katika duka lililotajwa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za walalahoi sare ya mtoto ndiyo nguo ghali zaidi, na huenda ikawa ndiyo nguo mpya pekee iliyowahi kuingia humo mwaka mzima.

Wala si kweli kwamba sare huficha umaskini. Mtoto mwenye sare moja huifua jioni, akaianika karibu na jiko, na asubuhi akaivaa ikiwa na unyevunyevu. Baada ya miezi kadhaa rangi hupauka, kiwiko cha sweta hufumuka, na kaptura hupigwa kiraka. Darasani ambamo kila mtu amevaa rangi moja, kiraka huonekana zaidi, kwa kuwa jicho halina kingine cha kutazama. Miguu nayo husimulia yaliyobaki: wapo wenye viatu vya ngozi, wapo wenye raba, na wapo wanaotembea pekupeku.

Yote haya yangekuwa maoni tu kama yasingepimwa. Kwa bahati nzuri, eneo la magharibi mwa Kenya limechunguzwa kwa kina kuhusu suala hili. Katika miaka ya tisini, shirika moja lisilo la kiserikali lililokuwa likiendesha shughuli zake huko Busia lilianza kuwalipia wanafunzi wa shule saba sare, pamoja na kutoa vitabu na kujenga madarasa. Wakati huo wazazi walikuwa bado wanalipa karo, lakini sare ilikuwa miongoni mwa gharama kubwa zaidi. Kwa mujibu wa ripoti iliyoandikwa mwaka wa 2003 na Michael Kremer, Sylvie Moulin na Robert Namunyu, idadi ya watoto walioacha masomo katika shule hizo ilipungua sana, na baada ya miaka mitano wanafunzi wake walikuwa wamesoma kwa kipindi kirefu zaidi kuliko wenzao, kwa takriban asilimia 15. La kuchekesha, au la kuhuzunisha, ni kwamba wazazi wa shule jirani waliwahamishia watoto wao huko kwa wingi, hata madarasa yakafurika kwa karibu nusu ya idadi ya awali. Mzazi alikuwa radhi mtoto wake abanane na wengine darasani mradi sare imelipiwa.

Utafiti wa pili ulikuwa rahisi zaidi kueleweka. Watoto wa shule za msingi katika eneo hilo walipigiwa kura ya bahati nasibu, waliobahatika wakapewa sare, wengine wasipewe. David Evans, Michael Kremer na Mũthoni Ngatia waliwafuatilia na kugundua kwamba utoro wa waliopewa ulipungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Kwa wale ambao hawakuwa na sare yoyote hapo awali, ulipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna mwalimu aliyeongezwa wala kiboko kilichotumika; walipewa kitambaa kilichoshonwa tu.

Wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Kuanzia mwaka wa 2003, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walifuatilia shule za msingi 328 katika maeneo ya Bungoma na Butere-Mumias. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa madarasa ya juu walipewa sare mbili za bure katika muda wa miaka mitatu ya mwisho ya shule ya msingi. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha masomo walipungua kutoka takriban asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba wakapungua kutoka asilimia 16 hadi 13. Ukiangalia haraka, tofauti ya asilimia tatu ni ndogo. Ukikumbuka kwamba ni wasichana watatu katika kila mia moja ambao hawakugeuzwa akina mama kabla ya wakati wao, na kwamba kilichohitajika ni marinda mawili, hesabu inabadilika. Kremer na Duflo walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka wa 2019, pamoja na Abhijit Banerjee, na kazi iliyofanywa huku kwetu magharibi mwa Kenya ilichangia tuzo hiyo. Inasikitisha kwamba Stockholm iliisoma kwa makini kuliko ofisi zetu nyingi.

Ni haki kuongeza jambo moja. Watoto wa ile bahati nasibu walipotafutwa tena miaka minane baadaye, hapakuonekana tofauti kati yao na wenzao katika kiwango cha elimu walichofikia. Sare pekee haimfikishi mtoto chuoni. Lakini humwingiza darasani muhula huu, na asiyeingia darasani muhula huu hana haja ya kuulizwa kuhusu chuo.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na isiyolipiwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inaruhusu ada nyingine kutozwa katika shule za umma kwa idhini ya Waziri, lakini inasema waziwazi kwamba mtoto hatanyimwa nafasi ya kuhudhuria shule kwa sababu ya kushindwa kulipa ada hizo. Sasa, msomaji mpendwa, hebu tafakari. Ikiwa shule haiwezi kumfukuza mtoto kwa kukosa kulipa ada iliyoidhinishwa na Waziri mwenyewe, itamfukuzaje kwa kukosa sweta iliyoidhinishwa na mwalimu mkuu na duka fulani mjini?

Kuhusu hilo duka fulani, yapo ya kusemwa. Shule hubuni sare ambayo haiwezi kupatikana kwingine: mstari wa rangi tatu kwenye ukosi, nembo iliyofumwa badala ya kushonewa, kitambaa cha mirabaraba ambacho muuzaji mmoja tu ndiye anayekiagiza. Baada ya hapo mzazi huelekezwa kwa muuzaji huyo. Zipo shule ambazo huuza sare zenyewe na kujumuisha bei katika malipo ya kujiunga, hivi kwamba mzazi hana hata fursa ya kulinganisha. Fundi wa cherehani wa kijijini, ambaye angeishona sketi iyo hiyo kwa bei nafuu na labda kwa mkopo wa kulipwa baada ya mavuno, huachwa nje. Wizara ya Elimu imewaonya walimu wakuu dhidi ya tabia hii si mara moja wala mbili. Onyo hutolewa Januari, na kufikia Februari limesahaulika.

Fauka ya hayo, kila mabadiliko katika mfumo wa elimu yamekuwa msimu wa mavuno kwa wauzaji. Gredi ya 7 ilipoanzishwa Januari 2023 na kuwekwa katika shule za msingi, zipo shule zilizowataka wanafunzi wa Sekondari Msingi kununua sare tofauti, ilhali walikuwa wamebaki katika uwanja ule ule, chini ya paa lile lile. Wanafunzi hao hao walipojiunga na Gredi ya 10 katika Sekondari Pevu mnamo Januari 2026, walihitaji sare nyingine tena. Mzazi aliyenunua kila kitu kwa utiifu amemvisha mtoto mmoja sare tatu tofauti katika muda wa miaka minne, na hapo hatujahesabu kwamba watoto hukua.

Waingereza, ambao ndio waliotuambukiza desturi hii, wameanza kujirekebisha. Mwaka wa 2021 walipitisha sheria inayozitaka shule za Uingereza kufuata mwongozo wa serikali kuhusu gharama ya sare, ikiwemo kupunguza nguo zenye nembo na kuepuka mikataba ya muuzaji mmoja. Ufaransa, ambako wanafunzi wa shule za umma huvaa nguo za nyumbani, ilianza majaribio ya sare mwaka wa 2024. Gharama, takriban Euro 200 kwa kila mwanafunzi, iligawanywa kati ya serikali kuu na serikali za mitaa. Kabla ya kumlazimisha mtoto, walijiuliza nani atalipa.

Upo pia upande wa dini, ambao umetufikisha hadi Mahakama ya Juu. Mzozo ulizuka mwaka wa 2014 katika shule ya St Paul's Kiwanjani, kaunti ya Isiolo, iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodist, kuhusu iwapo wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama Kuu ilisema la mwaka wa 2015. Mahakama ya Rufaa ikasema ndiyo mwaka wa 2016. Mnamo Januari 2019 Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi huo wa rufaa, lakini kwa sababu za kiutaratibu: majaji wengi walishikilia kuwa ombi la mzazi Mwislamu halikuwasilishwa kwa njia ifaayo. Jaji Jackton Ojwang alipinga. Mahakama ilipendekeza bodi ya shule ishauriane na wahusika ili kuzingatia imani za wanafunzi, na kiini cha swali kikabaki bila jibu la mwisho. Ajabu ni kwamba katika shule nyingi za Pwani na Kaskazini Mashariki jambo hili lilitatuliwa zamani bila wakili: hijabu ya rangi ya sare, na masomo yanaendelea. Shule inayoona kitambaa cha kichwani kama uasi imesahau kuwa sare iliwekwa ili watoto wakusanyike, si ili wachujwe.

Je, serikali inaweza kumudu kuwapa watoto wote sare? Labda si kwa mara moja. Lakini tusidanganyane kwamba haiwezekani kabisa kuweka hitaji la mwili wa mwanafunzi katika bajeti ya umma. Juni 2017, Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili kuilazimu serikali kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, naam, lakini kanuni iliwekwa. Hali kadhalika, ufadhili wa Wings to Fly ulioanzishwa mwaka wa 2010 haulipi karo tu. Humnunulia mwanafunzi sare pia, kwa kuwa waliouanzisha walielewa kwamba karo iliyolipwa haina maana kwa mtoto aliyesimama nje ya lango.

Serikali ingeweza kuanza na watoto wa madarasa ya chini katika kaunti maskini zaidi, na sare zikashonwa na mafundi wa humo humo. Isitoshe, ingeweza kuagiza kwamba shule zote za umma zitumie rangi chache zinazopatikana katika duka lolote la vitambaa, huku nembo ikiwa kipande cha kushonea ambacho mzazi hununua shuleni kwa shilingi chache. Sweta ya buluu iliyo wazi ingemfaa kaka mwaka huu na mdogo wake mwaka ujao, hata kama wako shule mbili tofauti.

Yapo pia yasiyohitaji Bunge wala Hazina ya Kitaifa. Wanafunzi wanaomaliza shule kila Novemba huondoka na sweta, sketi na blezi ambazo hawatazivaa tena. Shule inaweza kuzipokea siku ya mwisho ya mtihani, ikazifua na kuzitunza katika kabati moja, na Januari mwalimu akampa anayehitaji bila kumwita mbele ya gwaride. Na yule atakayefika asubuhi ya kwanza akiwa na fulana ya mtumba na kaptura ya kakake, aingie darasani kwanza, aandikwe katika rejista, afunzwe. Mwalimu ana nambari ya simu ya mzazi, ampigie jioni.